Kuhama Tawi Thabiti la Debian: Nani Abebe Hatari?

Miongoni mwa mambo yanayowatatiza vijana wanaoanza kuufahamu mfumo wa Linux ni uzee wa programu. Mwanafunzi huweka mfumo wa Debian katika kompyuta yake, akafurahi kwa kuwa haukumgharimu hata senti moja, kisha baada ya miezi kadhaa akagundua kwamba programu anayoitumia kuchorea au kuandikia imekwisha pitwa na matoleo mawili au matatu. Mwenzake mwenye mashine ya aina nyingine anayo mpya. Hapo huanza kuuliza, na jibu analopewa aghalabu ni jepesi mno: fungua faili moja, futa neno moja, andika jingine mahali pake, kisha iamuru mashine ijihuishe. Kwa hakika kazi yenyewe haizidi hapo. Neno moja hubadilishwa, na kompyuta iliyokuwa katika tawi thabiti huhamia tawi la majaribio, au hata lile lisilotulia. Wepesi huo ndio unaolifanya jambo hili listahili kujadiliwa kwa makini, maana mlango wa kuingilia upo na wa kutokea haupo.

Debian ilianzishwa tarehe 16 Agosti 1993 na Ian Murdock, aliyekuwa wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani. Jina lenyewe liliundwa kwa kuunganisha jina la mchumba wake, Debra, na lake mwenyewe. Kiini cha Linux, alichokianzisha Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991, kilikuwa bado kichanga, na waliokitumia walilazimika kuokota programu moja moja kutoka huku na huko. Murdock alitaka programu hizo ziwe pamoja, zimefungwa katika vifurushi vinavyopatana. Kifurushi kinachosemwa hapa, ieleweke, si kile kinachouzwa na kampuni za simu. Ni programu iliyofungwa pamoja na maelezo ya vitu vyote inavyovitegemea, na chombo kiitwacho apt huyasoma maelezo hayo na kuvileta vyote kwa mara moja. Toleo liitwalo Trixie, lililotoka tarehe 9 Agosti 2025, lina vifurushi karibu 70,000, na wanaovitunza ni watu wa kujitolea waliotawanyika duniani kote.

Wakati wowote mradi huo huwa na matawi makuu matatu. Tawi Thabiti ni toleo lililokwisha kamilika na kutangazwa. Tawi la Majaribio ni toleo lijalo, ambalo bado linapikwa. Tawi Lisilotulia ndimo vifurushi vipya vinamoingia kwanza, kila siku, moja kwa moja kutoka mikononi mwa watunzaji. Matoleo hupewa majina ya wahusika wa filamu ya katuni ya Toy Story ya mwaka 1995 na zile zilizoifuata, na kwa hiyo jina hubadilika kila toleo jipya linapoanza kutayarishwa. Tawi Lisilotulia peke yake lina jina la kudumu: Sid. Katika filamu hiyo Sid ni yule mtoto wa jirani mwenye tabia ya kuvunjavunja wanasesere. Waliolichagua jina hilo hawakuficha kitu.

Neno "thabiti" ndilo chanzo cha nusu ya kutoelewana kote. Katika mazungumzo ya kawaida kitu thabiti ni kitu kizuri, kisicho na dosari. Katika Debian maana yake ni kitu kisichobadilika, basi. Programu iliyoingia katika toleo ikiwa na kasoro ndogo itaendelea kuwa nayo mpaka toleo lijalo. Hurekebishwa tu kasoro za usalama na zile nzito zinazoharibu kazi au data. Faida ya utaratibu huo ni kwamba mtumiaji huzifahamu kasoro za mashine yake na kujua namna ya kuzikwepa, na zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa upande mwingine, "lisilotulia" halimaanishi kwamba mashine itazimika kila saa. Wako watu wanaolitumia tawi hilo kwa kazi zao za kila siku na mwezi mzima ukapita salama. Maana yake ni kwamba kilichofanya kazi jana hakijaahidiwa na mtu yeyote kufanya kazi kesho.

Dhana ya njia ya katikati

Mwanafunzi akishaelezwa hayo hutoa hitimisho linaloonekana kuwa la busara. Thabiti limezeeka, Sid ni hatari. Basi bora kukaa katikati, katika Majaribio, ambako vitu ni vipya vya kutosha na vimekwisha chujwa. Fikra hiyo imeenea mno, tena miongoni mwa watu wenye elimu, na inafaa ipingwe waziwazi.

Ni kweli kwamba chujio lipo. Kifurushi kinapoingia Sid hukaa huko kwa muda, kwa kawaida siku 2, 5 au 10 kwa kadiri ya uharaka uliotajwa na mtunzaji wake. Katika muda huo wanaoishi Sid hukitumia. Ikiwa hakikuleta kasoro mpya nzito, ikiwa kimeweza kujengwa kwa ajili ya aina zote za mashine ambazo Debian huzihudumia, na ikiwa kuingia kwake hakutavunja kifurushi kingine, basi programu maalumu hukivusha hadi Majaribio. Hakuna mtu anayekaa na kuonja kila kifurushi. Kinachohesabiwa ni siku, malalamiko na utegemezi.

Utaratibu huu unafanana sana na ule wa mbegu. Mbegu mpya ya mahindi haitoki katika kitalu cha mtafiti ikaingia moja kwa moja katika shamba la mkulima. Hupandwa kwanza katika mashamba ya majaribio, ikaangaliwa inavyostahimili ukame na magonjwa, ndipo itolewe rasmi. Mtu akiutazama mfano huo hudhani kwamba aliye katika shamba la majaribio yu salama kuliko aliye kitaluni. Kwa ugonjwa wa polepole ni sawa. Lakini chukua ugonjwa wa ghafla, unaohitaji dawa siku hiyo hiyo. Katika Debian dawa hupelekwa mahali pawili. Kikosi cha usalama huipeleka kwa watumiaji wa Tawi Thabiti, kwa kuitia katika toleo lile lile la zamani bila ya kubadilisha kitu kingine. Mtunzaji naye huitia katika kifurushi kipya na kukiweka Sid. Mtu wa Majaribio hungoja. Dawa yake lazima ipite katika chujio kama kifurushi kingine chochote, ikae siku zake, na ikiwa kifurushi hicho kimefungamana na kingine ambacho bado kina kasoro, basi vyote viwili husimama mlangoni, pengine wiki nzima, pengine zaidi. Wakati huo mwanya uliokwisha tangazwa duniani kote uko wazi katika mashine yake.

Kwa hiyo, kwa upande wa usalama, aliye katikati ndiye wa mwisho kuhudumiwa. Wanaoendesha mradi wenyewe hawakulificha jambo hilo. Anayetaka mashine salama humshauri abaki katika Thabiti.

Dhana ya njia ya katikati ina historia yake, na historia hiyo inaeleza kwa nini imedumu. Tawi la Majaribio halikuwepo tangu mwanzo. Liliongezwa mwaka 2000, ili wakati wowote pawepo mkusanyiko wa vifurushi ulio karibu kuwa tayari na matoleo yasichelewe. Yaani liliundwa kwa ajili ya waandaaji, si kwa ajili ya watumiaji. Kwa bahati mbaya matoleo yaliendelea kuchelewa. Toleo la Woody lilitoka Julai 2002, na lililolifuata, Sarge, halikutoka mpaka Juni 2005, karibu miaka mitatu. Katika ngoja ngoja hiyo watu wengi waliihama Thabiti wakaweka makao katika Majaribio, wala hawana lawama, kwani vifaa vya mwaka 2005 havikutambuliwa vizuri na mfumo wa mwaka 2002. Tangu hapo matoleo yamekuwa yakitoka takriban kila miaka miwili. Sababu iliondoka, desturi ikabaki.

Nusu sekunde

Yaliyoelezwa mpaka hapa yangeweza kumfanya msomaji akate shauri kwamba kila mtu na abaki katika Thabiti na hadithi iishie hapo. Kisa cha mwaka 2024 kinaonyesha kwamba shauri hilo nalo lina upungufu.

Tarehe 29 Machi 2024, siku ya Ijumaa Kuu, mhandisi aitwaye Andres Freund alitangaza kwamba amegundua mlango wa siri katika programu ya xz. Hii ni programu ya kubana faili ili zipungue ukubwa. Iko karibu katika kila mashine ya Linux. Freund hakuwa mtaalamu wa usalama. Alikuwa mmoja wa waandishi wa programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, na siku zile alikuwa akipima kasi ya kazi yake katika mashine iliyokuwa ikitumia Sid. Aliona kwamba huduma ya ssh, ambayo humwezesha mtu kuingia katika kompyuta akiwa mbali, inatumia nguvu nyingi za prosesa kuliko ilivyostahili. Alipopima alikuta kwamba jaribio la kuingia, ambalo zamani lilichukua sekunde 0.299, sasa linachukua sekunde 0.807. Tofauti ni nusu ya sekunde. Wengi wangeipuuza. Yeye aliifuata mpaka chini.

Aliyoyakuta huko yalimshangaza kila aliyesoma. Mtu au watu waliojiita Jia Tan walikuwa wameanza kuchangia katika mradi wa xz tangu mwaka 2021, wakafanya kazi ya kweli na ya manufaa, wakaaminiwa, hata wakapewa madaraka ya kutoa matoleo. Katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 walificha ndani ya faili zilizodaiwa kuwa za kufanyia majaribio vipande vya programu ambavyo, mfumo unapojengwa, hujiunga na maktaba ya xz. Huduma ya ssh kwa asili haiitegemei xz. Ila katika Debian imeunganishwa na maktaba nyingine, nayo hiyo nyingine huitegemea xz. Kwa mnyororo huo wa utegemezi sumu ilifika mlangoni kabisa. Mwenye ufunguo wa siri angeweza kuiamuru mashine ya mtu mwingine bila ya neno la siri lolote.

Vifurushi vyenye sumu vilikuwa vimekwisha ingia Sid. Vilikuwa vimekwisha vuka pia hadi Majaribio, kwa sababu siku zilitimia na hakuna aliyelalamika. Chujio lile halikuvizuia. Tawi Thabiti, ambalo wakati huo lilikuwa Bookworm la mwaka 2023, halikuguswa kabisa, kwa kuwa lilikuwa bado linatumia xz ya zamani. Uzee uliokuwa ukilalamikiwa ndio uliokuwa ngao.

Katika kisa hiki mambo mawili hupokewa kwa pamoja na watu wengi husahau la pili. La kwanza ni kwamba wa Thabiti walinusurika. La pili ni kwamba walinusurika kwa sababu mtu fulani alikuwa akiishi Sid, macho yake wazi, na saa ya kupimia mkononi. Lau kusingekuwa na mtu kama huyo huko, vifurushi vile vingekaa Majaribio kwa amani, na siku ya kutolewa kwa toleo lililofuata vingekuwa sehemu ya Thabiti, katika maelfu ya seva za hospitali, benki na vyuo.

Wala hilo si dhana tupu, kwa kuwa liliwahi kutokea. Mwezi Septemba 2006 mtunzaji mmoja wa Debian, katika kujaribu kunyamazisha onyo la chombo cha kukagua makosa, aliondoa mstari katika programu ya OpenSSL. Hakuwa na nia mbaya. Mstari huo ndio uliokuwa ukichangia ubahatishaji katika kutengeneza funguo za siri. Ulipoondolewa, kilichobaki kuwa cha kubahatisha ni namba ya kazi ambayo mashine huipa kila programu inapoanza, na namba hizo hazikuzidi 32,768. Maana yake, kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, idadi ya funguo ambazo zingeweza kutokea ilikuwa ndogo kiasi kwamba mwizi mwenye kompyuta ya kawaida angeweza kuzijaribu zote. Kifurushi hicho kilipita Sid, kikapita Majaribio, na mwezi Aprili 2007 kikaingia Thabiti pamoja na toleo la Etch. Kasoro ilikuja kutangazwa tarehe 13 Mei 2008, baada ya kugunduliwa na Luciano Bello, kiasi cha miezi 20 tangu kuingia kwake. Waliokuwa hawajahama kutoka toleo la zamani zaidi, Sarge, hawakupata dhara katika funguo walizozitengeneza huko.

Visa hivi viwili vikiwekwa pamoja, huonekana wazi kwamba uthabiti wa Tawi Thabiti hautoki mbinguni. Hutengenezwa na watu wanaokubali kuishi katika matawi mengine na kusema wanapoona ajabu. Hata wale wanaojigamba kuwa hawaligusi Tawi Lisilotulia wakati mwingine hunywa maji yake bila kujua: mfumo wa Ubuntu, ulioanza mwaka 2004 na ambao jina lake ni ndugu wa neno letu "utu", huanza kila toleo lake kwa kuchota vifurushi kutoka Sid.

Kompyuta ni ya nani?

Swali linalofaa kuulizwa kabla ya kubadilisha lile neno moja, basi, si kama mtumiaji ni hodari au ni mwoga. Ni hili: mashine ikivunjika, nani atapata hasara?

Katika chumba cha kompyuta cha shule jibu liko wazi. Hasara ni ya wanafunzi wote. Mwalimu aliyepandisha mashine 20 hadi Majaribio siku ya Jumapili, na Jumatatu asubuhi zikawaka bila ya picha kwenye kioo, hakujipatia hasara yeye. Amewapokonya Kidato cha Tatu kipindi chao, na pengine amezuia kuingizwa kwa alama za mitihani ambazo ofisi inazingoja. Kisingizio cha kwamba wanafunzi wanahitaji vitu vya kisasa hakina uzito. Bookworm ilikuja na Python 3.11 na Trixie ikaja na Python 3.13, mwanafunzi anayejifunza kuandika kitanzi, au kupanga majina kwa alfabeti, hataona tofauti yoyote kati ya hizo mbili. Ikiwa ipo programu moja inayohitajika kweli katika hali mpya, au kiini kipya kwa ajili ya kompyuta iliyonunuliwa juzi, Debian ina hazina rasmi ya vifurushi vilivyochukuliwa kutoka Majaribio na kujengwa upya ili vipatane na Thabiti. Hiyo yatosha.

Kuna kosa jingine, baya kuliko kuhama, nalo ni kuhama nusu. Mtu hubaki katika Thabiti lakini huongeza mstari wa Sid ili apate programu moja tu. Programu hiyo hudai maktaba mpya ya lugha ya C, ambayo karibu kila kitu katika mfumo huitegemea, na maktaba hiyo hubadilisha vingine, mpaka mashine ikawa si Thabiti wala si Sid, bali mchanganyiko ambao hakuna mtu mwingine duniani anao. Ikipata ugonjwa hakuna wa kuuliza.

Yupo pia anayehama bila kujua. Katika ile faili ya apt mtu anaweza kuandika jina la hali, yaani neno "stable" au "testing", au jina la toleo, kama "trixie". Aliyeandika "stable" alijikuta tarehe 9 Agosti 2025 ametakiwa kutoka Bookworm kwenda Trixie, iwe katikati ya muhula au la. Aliyeandika "testing" siku hiyo hiyo alivushwa hadi toleo jipya linaloandaliwa, Forky, tena katika kipindi ambacho vifurushi vyote vilivyokuwa vimezuiliwa wakati wa maandalizi ya Trixie humiminika kama maji ya bwawa lililofunguliwa. Lakini aliyekuwa Majaribio akaandika "trixie" alijikuta yuko Thabiti bila ya kuhama, kwa sababu toleo lenyewe lilimfuata. Kwa shule, jina la toleo ndilo la kuandika siku zote.

Kwa mwanafunzi mwenye kompyuta yake mwenyewe mambo ni tofauti, na hapa inafaa atiwe moyo. Hasara ikitokea ni yake, na elimu nayo ni yake. Ila aende moja kwa moja hadi Sid, asisimame katikati, kwani huko ndiko dawa zinakofika mapema na ndiko macho yake yanakohitajiwa. Awe na nakala ya kazi zake zote nje ya mashine. Asiruke toleo: aliye Bookworm apite Trixie kwanza. Anapohuisha, asome orodha ya vifurushi vinavyotaka kuondolewa kabla ya kukubali. Jambo hilo la mwisho si la adabu tu. Katika miezi ya kwanza ya mwaka 2024 maktaba nyingi za Sid zilibadilishwa majina kwa pamoja ili mashine za biti 32 ziweze kuhesabu saa kupita tarehe 19 Januari 2038, siku ambayo sekunde zilizohesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1970 zitazidi 2,147,483,647 na kukosa nafasi katika biti zilizotengwa. Kwa wiki nyingi apt ilikuwa ikipendekeza kuondoa programu za watu kwa makumi. Waliojibu ndiyo bila kusoma waliwasha mashine kesho yake wakakuta zimebaki tupu. Waliosoma walisubiri, na kusubiri ndiko kulikokuwa dawa.

Ajue vilevile kwamba Sid hula data. Mabadiliko ya wiki moja yaweza kufikia megabaiti mamia, na hapo ndipo vifurushi vya aina mbili hukutana, kimoja kikimaliza kingine.

Na ajue kuwa hakuna kurudi. Chombo cha apt huamini kwamba namba kubwa ni mpya na namba mpya ni bora. Hakikuundwa kurudisha mfumo nyuma. Ushahidi mzuri wa jambo hili ulitolewa na wenye mradi wenyewe katika ile Ijumaa ya mwaka 2024. Walipotaka kuwarudisha watu kutoka xz 5.6.1 yenye sumu hadi 5.4.5 iliyo safi, iliwabidi waiite ile ya zamani 5.6.1+really5.4.5-1, yaani "5.6.1, ila kwa kweli ni 5.4.5", ili mashine zidhani zinakwenda mbele. Mtumiaji wa kawaida aliyekwisha hamia Sid na kujuta ana njia moja tu ya uhakika: kufuta na kuweka mfumo upya.

Shule yenye mashine kongwe isiyo na kazi inaweza kupata faida ya pande zote mbili. Mashine zote za darasa zibaki Thabiti, na hiyo moja iwekwe pembeni, iandikwe Sid, na pembeni yake liwekwe daftari. Kila wiki mwanafunzi mmoja apewe zamu ya kuihuisha na kuandika alichokiona: vifurushi vilivyobadilika, muda uliochukua kuwaka, kilichokataa. Akikuta kasoro aitazame kwanza katika orodha ya kasoro za Debian, ambayo iko hadharani na namba zake zimekwisha pita 1,000,000, pengine mwingine ameshaiona. Ikiwa bado, programu iitwayo reportbug itamwuliza jina la kifurushi na namba ya toleo, alichokifanya, alichokitarajia na kilichotokea, kwa mpangilio usio tofauti sana na ule wa daftari la maabara ya fizikia. Taarifa huandikwa kwa Kiingereza na kutumwa kwa barua pepe. Haiulizi umri wa mwandishi wala shahada yake.